KEJELI MBILI ZA MAKMENDE: NENO, WIMBO NA PICHA YA VIDEO JIJINI NAIROBI

Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kulitazama neno la mkopo kama mgeni aliyebisha hodi, akakaribishwa, akapewa kiti katika ngeli fulani, na hatimaye akahesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumbani. Mfano huo una ukweli wake, lakini hausemi lolote juu ya wale wanaomcheka mgeni anapopita ukumbini. Kicheko hicho nacho ni sehemu ya historia ya neno, na mara nyingi ndicho kinachoamua kama neno litadumu au litakufa.

Makala hii inakusudia kueleza safari ya neno moja la mitaa ya Nairobi, yaani Makmende. Neno hili lilivuma mwaka 2010 kwa sababu ya wimbo na picha yake ya video, lakini umri wake ni mkubwa kuliko wimbo huo. Itaonyeshwa kwamba kwa muda mrefu neno hili lilibeba kejeli mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilimhusu mtu anayejifanya shujaa naye si shujaa. Ya pili ilihusu ulimi unaokitamka Kiingereza kwa sauti za nyumbani. Picha ya video ilizivua kejeli zote mbili, na namna ilivyozivua inaeleweka vizuri zaidi kwa kuchunguza sarufi kuliko kwa kuchunguza muziki peke yake.

Wimbo na picha yake

Kikundi cha Just A Band kilianzishwa na vijana waliokutana walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miongoni mwao walikuwa Bill Sellanga, Daniel Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008, na ya pili, 82, ikatoka mwaka 2009. Muziki wao ulichanganya ala za umeme, mahadhi ya disko na fanki, na midundo ya kompyuta. Wala hawakuwa wanamuziki tu, kwani walishughulika pia na uchoraji na upigaji wa picha za sinema, na picha za nyimbo zao walizitengeneza wao wenyewe.

Wimbo "Ha-He" ulikuwa katika albamu hiyo ya pili. Jina lake si neno la kamusi, bali ni pumzi mbili, kama za mtu apigaye shoka. Mnamo Machi 2010 picha yake ya video iliwekwa katika mtandao wa YouTube. Picha hiyo ilitengenezwa kwa kuiga filamu za Marekani za miaka ya 1970, zile ambazo shujaa mweusi mwenye nywele za afro huwakabili wahalifu wa mjini na kuwashinda kwa mikono mitupu. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Kevin Maina, aliitwa Makmende.

Katika muda wa siku chache jina la mhusika lilivuma kuliko jina la wimbo wenyewe. Watazamaji walianza kutunga vichekesho kumhusu, wakabuni majalada ya magazeti mashuhuri ya ng'ambo yenye sura yake, na kumfungulia kurasa katika mitandao. Vyombo vya habari vya Marekani, yakiwamo gazeti la Wall Street Journal na shirika la CNN, vilitoa taarifa juu ya jambo hilo. Ilisemwa kwamba Kenya ilikuwa imepata kwa mara ya kwanza kioja chake chenyewe cha intaneti. Taarifa hizo zilieleza asili ya jina kwa sentensi moja au mbili, kisha zikaendelea na mambo mengine. Kwa mwanaisimu, hapo zilipokomea ndipo kazi inapoanzia.

Kutoka sentensi hadi mtu

Maelezo yaliyoenea kuhusu asili ya neno ni haya. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Sudden Impact, ambamo Clint Eastwood aliigiza askari mpelelezi Harry Callahan. Katika tukio moja askari huyo anamwelekezea mhalifu bastola na kumchokoza kwa Kiingereza athubutu kufanya alilokusudia, kwani kwa kuthubutu kwake atakuwa amemfurahisha mwenye bastola. Kiini cha uchokozi huo ni maneno matatu, make my day. Maneno hayo yalipata umaarufu mkubwa kiasi kwamba Rais Ronald Reagan aliyatumia tarehe 13 Machi 1985, alipokuwa akionya kwamba angetumia kura yake ya turufu kuzuia nyongeza yoyote ya kodi.

Maneno hayohayo, basi, yalipita njia mbili. Mjini Washington yalibaki kuwa sentensi, na mtu aliyeyatamka alijulikana kuwa ananukuu. Nairobi yaligeuka kuwa mtu. Watoto walioitazama filamu, na wengi zaidi waliosimuliwa na wenzao walioitazama, hawakuyachukua kama amri yenye kitenzi, yambwa na kivumishi cha kumiliki. Waliyachukua kama jina la yule aliyeyatamka.

Jambo hili si geni katika Kiswahili. Kila mwalimu wa isimu anaujua mfano wa kipilefti. Amri ya Kiingereza iliyoandikwa barabarani, ya kumtaka dereva ashike upande wa kushoto, iligeuka kuwa nomino ya ngeli ya KI-VI yenye maana ya mzunguko wa barabara, na wingi wake ukawa vipilefti. Amri ilikufa na kitu kikazaliwa. Vilevile, mtu kuitwa kwa neno alipendalo ni desturi ya zamani ya Waswahili na majirani zao. Rais Daniel arap Moi aliposhika madaraka mwaka 1978 alitangaza kwamba atafuata nyayo, na haikupita muda yeye mwenyewe akaitwa Nyayo. Nchini Tanzania, Rais Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mzee Ruksa kwa sababu ya neno lililotambulisha siasa yake. Mtoto wa Nairobi aliyemwita askari wa filamu kwa maneno yake mwenyewe alikuwa akifuata kanuni hiyohiyo, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Upatanisho wa kisarufi nao unastahili kuangaliwa. Neno linaanza kwa ma-, nayo ma- katika Kiswahili ni kiambishi cha wingi cha ngeli ya LI-YA. Neno madigadi, lililotokana na Kiingereza, lilichukuliwa kuwa ni wingi kwa sababu ya mwanzo wake, na likazaa umoja wake, digadi. Hilo halikumpata Makmende. Husemwa Makmende amekuja na Makmende wamekuja. Makmende yule na Makmende wale. Kigezo cha uhai kilishinda kigezo cha umbo. Watoto waliolitumia neno hili hawakuwa na kitabu cha sarufi mkononi walipokuwa mchezoni, na bado waliliweka neno la kigeni katika ngeli ya A-WA bila kusita.

Ushahidi wa sauti

Umbo la neno linaeleza mengi juu ya watu waliolitengeneza. Jambo la kwanza ni kwamba lilipokewa kwa sikio wala si kwa jicho. Laiti lingesomwa kwanza, kisha kutamkwa kwa kufuata maandishi, pangebaki irabu mbili katika neno la pili, kama zilivyobaki katika faini na laini. Badala yake imebaki irabu moja, e. Mtu anaweza kuueleza mwungano huo kwa kanuni inayofahamika ya Kiswahili, ambayo kwayo ma- na -ino huzaa meno, na wa- na -ingi huzaa wengi. Lakini kwa kuwa maneno ya mkopo kwa kawaida huikwepa kanuni hiyo, kama ilivyo katika faini na laini, ni bora kusema kwamba sikio lilisikia irabu iliyodhoofika katika usemi wa haraka, likaipa irabu ya Kiswahili iliyokuwa karibu nayo.

Jambo la pili ni nazali. Katika Kiingereza cha filamu hakuna sauti n kabla ya d. Katika Makmende ipo. Kiswahili chenyewe hakihitaji nazali hiyo, maana kina d iliyo huru, kama katika dada, dawa na dirisha. Wenye kuihitaji ni wasemaji wa Kikuyu na Kikamba, lugha ambazo vipasuo ghuna havisimami peke yake bila nazali. Ndiyo sababu dereva wa Kiswahili huwa ndereba katika Kikuyu, na daktari huwa ndagitari. Nazali iliyo katika Makmende, kwa hiyo, ni alama ya ndimi zilizolizunguka jiji la Nairobi. Ni sawa na lafudhi ya mtu inayomtambulisha kwao hata anapozungumza lugha ya watu wengine.

Jambo la tatu ni silabi na shadda. Silabi ya kwanza, mak-, ni silabi funge, na Kiswahili hupendelea silabi huru. Hata hivyo silabi hiyohiyo tayari ilikuwamo katika neno la mkopo kutoka Kiarabu, maktaba, na yawezekana ni mazoea hayo ya mak- na ya ma- yaliyoivuta irabu ya kwanza iwe a, mahali ambapo sikio lingetarajia e. Shadda nayo ilihama. Katika sentensi ya Kiingereza uzito huangukia neno la mwisho. Katika Makmende uzito uko katika silabi ya pili kutoka mwisho, pale inapokaa shadda ya Kiswahili. Silabi mbili za mwisho zikalandana na neno mende, ambalo kila mtoto wa Nairobi analijua kwa kumwona mdudu mwenyewe jikoni. Neno lililoanza na kwenda kwa namna hiyo halikuwa zito kulitamka wala kulikumbuka.

Kejeli ya kwanza: kiambishi -ji-

Sasa yafaa kuangalia namna neno lilivyotumika katika miaka ya 1980 na 1990, kabla ya wimbo. Lilitumika zaidi kumkanya na kumcheka mtu. Mtoto aliyeruka kutoka juu ya ukuta akidhani ni Bruce Lee, au aliyewachokoza wakubwa wake kama kwamba ni Rambo, aliulizwa kama anajifanya Makmende. Vitenzi vilivyoandamana na neno hili vilikuwa kujifanya, kujidai, kujiona na kujitia. Vyote vina kiambishi rejeshi -ji-.

Kiambishi hiki kina kazi maalumu katika Kiswahili. Mtu anayefanya kazi ni mfanyakazi. Anayejifanya anafanya kazi ni mlaghai. Anayeona ana macho. Anayejiona ana kiburi. Si kila -ji- ni lawama, kwani mtu hujitegemea na kujifunza kwa sifa njema. Lakini -ji- inayofuatwa na jina la hadhi au cheo karibu daima hulitenga jina hilo na mtu anayelitwaa. Anayejitia ujuzi hana ujuzi. Kwa hiyo katika sentensi unajifanya Makmende, Makmende wa kweli hayuko. Yuko mbali, katika filamu, katika nchi nyingine. Aliyepo ni debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Maana ya neno, kwa hakika, haikuwa shujaa. Ilikuwa ni umbali kati ya shujaa na yule anayemwiga. Kamusi itakayolieleza neno hili kuwa ni "mtu hodari asiyeshindika" itakuwa imeeleza maana ya baadaye na kuiacha maana ya kwanza. Ilihitajika kuandikwa kwamba nomino hii iliishi na -ji- kama kobe anavyoishi na gamba lake.

Kejeli ya pili: aibu ya matamshi

Kejeli ya pili haikusemwa waziwazi, lakini kila mtu aliyesoma shule Kenya anaifahamu. Kukitamka Kiingereza kwa sauti za lugha ya mama ni kosa linalochekwa darasani na nje ya darasa. Vijana wa Nairobi wamelipa jina, kushrabu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa alama ya aibu kwa kusema Kikuyu katika eneo la shule. Adhabu za namna hiyo ziliendelea katika shule nyingi baada ya Uhuru, na kicheko cha wanafunzi wenyewe kikawa ni adhabu isiyohitaji mwalimu.

Watoto waliolitumia neno Makmende walisoma katika kipindi chenye mambo mawili yasiyolingana. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Kwa upande huo walikuwa kizazi cha kwanza kukisoma Kiswahili Sanifu kwa lazima hadi mwisho wa sekondari. Wakati huohuo, Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya kufundishia na lugha ya kazi nzuri. Aliyekitamka vibaya alijulikana mara moja ametoka mtaa gani. Neno Makmende, lenye n isiyokuwamo katika Kiingereza na shadda iliyohama, lilikuwa kwa kipimo cha shule kosa tupu. Mwanafunzi aliyetaka kuonekana ameelimika angelisahihisha au angeliacha nyumbani.

Hapo ndipo kejeli mbili zilipokutana. Mtoto anayejifanya shujaa wa Kizungu, na ulimi unaojitahidi kusema maneno ya shujaa huyo, wote wawili walionekana kufika nusu ya safari. Neno lilikuwa kichekesho juu ya kuiga, na lenyewe lilikuwa mwigo.

Mashariki, katikati na magharibi

Kejeli hizo haziwezi kutenganishwa na ramani ya jiji. Serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa misingi ya rangi. Wazungu walikaa zaidi upande wa magharibi na kaskazini, Wahindi Parklands, Ngara na sehemu za jirani, na Waafrika katika mitaa ya mashariki kama Pumwani, Kaloleni, Bahati na Makongeni. Baada ya Uhuru rangi ilififia lakini mali ikashika nafasi yake. Abdulaziz na Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, walieleza misimbo miwili ya vijana iliyofuata ramani hiyo. Sheng ilikuwa na msingi wa Kiswahili na makao yake makuu yalikuwa mitaa ya mashariki. Engsh ilikuwa na msingi wa Kiingereza na ilisemwa na vijana wa mitaa yenye nafasi ya magharibi, kama Westlands.

Maelezo hayo ni ya msingi, lakini hayapaswi kuchukuliwa kama ukuta. Magharibi ya Nairobi si Lavington na Kileleshwa peke yake. Kawangware imepakana na Lavington, na Kangemi iko mwendo mfupi tu kupita Westlands. Watoto wa mitaa hiyo ni wasemaji wa Sheng kama wenzao wa mashariki. Zaidi ya hayo, wote hukutana katikati ya jiji. Huko ndiko yalikokuwa majumba ya sinema kama Kenya Cinema, Nairobi Cinema na Odeon, ambalo jina lake limebaki likitumika kama jina la kituo cha matatu. Huko ndiko iliko River Road, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa soko la sahani za santuri na kanda za muziki. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu Sheng, ameihesabu Sheng kuwa aina mojawapo ya Kiswahili cha Kenya badala ya lugha ya genge fulani la vijana. Ukisimama Moi Avenue saa kumi na moja jioni hutakuwa na sababu ya kumpinga.

Pamoja na hayo, kwa kawaida maneno yalipita upande mmoja. Neno la Kiingereza lilishuka kutoka magharibi likiwa na heshima, likageuzwa sura katika mitaa ya mashariki, na sura hiyo mpya haikurudi lilikotoka. Kilicho adimu katika habari ya Makmende ni kwamba neno lilirudi, na lilirudi na sura yake ya mtaani.

Makmende amerudi

Usemi uliovuma pamoja na picha ya video mwaka 2010 ulikuwa ni huu: Makmende amerudi. Maneno mawili haya yanastahili uchambuzi. Kitenzi kurudi hubeba dhana kwamba mtu alikuwapo kwanza, kisha akaondoka. Kwa hiyo msemaji hamtambulishi mhusika mpya. Anawakumbusha wasikilizaji mtu wanayemjua. Kiambishi -me- kinaongeza jambo jingine. Alirudi ingekuwa habari iliyopita na kufungwa. Amerudi inasema kwamba tendo limekamilika na hali yake ingalipo, yaani mtu yuko hapa sasa. Aliyekuwa hayupo katika sentensi za -ji- sasa yupo.

Hivyo ndivyo kejeli ya kwanza ilivyovuliwa. Picha ya video haikumwonyesha mtu anayejifanya Makmende. Ilimwonyesha Makmende mwenyewe, mweusi, katika mazingira ya nyumbani, akitenda yale ambayo watoto walichekwa kwa kuyaota. Kiambishi -ji- kikadondoka. Ni kweli kwamba picha yenyewe ilikuwa ya mzaha, na watengenezaji wake walijua kwamba wanaiga filamu ambazo nazo zilikuwa na chumvi nyingi. Lakini mzaha ulikuwa umebadilika. Zamani ulimcheka anayeiga. Sasa wanaoiga na wanaotazama walicheka pamoja.

Vichekesho vilivyofuata vinathibitisha mabadiliko hayo. Vilimpa Makmende uwezo usio na mpaka, kwa mtindo uliokwisha kuzoeleka Marekani kuhusu mwigizaji Chuck Norris. Kimoja kilichosambaa sana kilidai kwamba Makmende huanika nguo zake kwenye laini ya simu. Kichekesho hicho husimama juu ya neno laini, ambalo ni kamba kwa Kiingereza na ni namba ya simu kwa Mkenya wa leo. Hu- ya mazoea imeshika mahali pa -ji-. Ndiyo inayotumika katika methali na katika sifa za viumbe wasiobadilika.

Kejeli ya pili ilivuliwa kwa njia ya kushangaza zaidi. Vichekesho vingi viliandikwa kwa Kiingereza, na waandishi wake wengi walikuwa watu wenye elimu na wenye intaneti. Mwaka uliotangulia, 2009, nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na gharama ya kutazama picha za video ikaanza kushuka. Mwezi huohuo wa Machi 2010 kituo cha iHub kilifunguliwa kando ya barabara ya Ngong, upande wa magharibi, kiwe makutano ya vijana wa kompyuta. Watu hao wangeweza kuyatamka yale maneno matatu ya Kiingereza kama yalivyotamkwa katika filamu. Hawakufanya hivyo. Ndani ya sentensi zao za Kiingereza waliandika Makmende, pamoja na nazali yake na shadda yake. Tamko ambalo shuleni lingekuwa kosa likawa ndilo tamko sahihi la pekee, na aliyelisahihisha angeonekana ndiye mgeni.

Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja uliokuwa mgumu kufunguka. Makala juu ya Makmende iliyoandikwa katika Wikipedia ya Kiingereza ilifutwa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa, jambo ambalo mwandishi wa Marekani, Ethan Zuckerman, alilijadili Machi 2010. Wahariri walitaka ushahidi uliochapishwa. Neno lililokuwa vinywani mwa watoto kwa miaka mingi halikuwa na ushahidi wa namna hiyo mpaka magazeti ya ng'ambo yalipoliandika. Wanaleksikografia wa Kiswahili hawana haki ya kuwacheka wahariri hao, maana kipimo chao mara nyingi kimekuwa hichohicho.

Mfano wa kulinganisha

Msomaji atakumbuka kwamba Nairobi ilikuwa imeshapata neno jingine kutoka katika wimbo. Mwaka 2002 kikundi cha Gidi Gidi Maji Maji kilitoa wimbo "Unbwogable", na neno hilo likachukuliwa na muungano wa NARC katika kampeni zilizomwingiza Mwai Kibaki madarakani Desemba mwaka huo. Mzizi wake ni wa Kijaluo, bwogo, wenye maana ya kutisha, na viambishi vyake vyote viwili ni vya Kiingereza. Maana yake ni asiyetishika.

Maneno haya mawili ni kama pande mbili za kanga moja. Katika lile la 2002 malighafi ni ya nyumbani na sarufi ni ya Kiingereza. Katika Makmende malighafi ni ya Kiingereza, lakini sauti ni za Nairobi, na ngeli na upatanisho ni vya Kiswahili. La kwanza lilihitaji siasa ili lienee, na uchaguzi ulipopita likapungua nguvu. La pili lilikuwa limeishi miaka mingi bila msaada wa mtu yeyote mashuhuri, kwa sababu lilikuwa limeketi ndani ya sarufi ambayo watoto waliitumia kila siku.

Hitimisho

Mwaka 2010 Kenya ilipata Katiba mpya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti, na kifungu chake cha 7 kikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Miezi mitano kabla ya hapo, jiji zima lilikuwa likirudia neno ambalo hakuna kamati iliyolipitisha. Matukio haya mawili hayapingani. Katiba ilikipa Kiswahili hadhi. Makmende alionyesha nguvu ambayo lugha hiyo ilikuwa nayo tayari, ya kuchukua sentensi ya kigeni nzima na kuigeuza kuwa mtu wa ngeli ya A-WA.

Liko fundisho la kazi hapa. Watu wanaoikumbuka maana ya kwanza ya Makmende, ile yenye -ji-, walikuwa watoto katika miaka ya 1980 na 1990. Leo ni watu wazima wenye watoto wao. Aliyelijua neno hili kwa mara ya kwanza kupitia "Ha-He" anajua nusu yake tu. Nusu hiyo nyingine imehifadhiwa kwa bahati, kwa sababu wasanii wachache walikumbuka mchezo wa utotoni na kuutengenezea picha. Maneno mengine ya michezo ya watoto wa Nairobi, kama brikicho, kalongo na bano, hayajapata bahati hiyo, na yaliyo pamoja nayo ni mengi. Idara za lugha katika vyuo vikuu zina wanafunzi wanaotoka Makongeni, Kangemi na Kileleshwa, na kila mmoja anaweza kutumwa kwa wazazi wake na daftari. Kinachopaswa kuandikwa katika daftari hilo ni neno, mwaka, mtaa, na kitenzi kilichoandamana na neno hilo. Hicho cha mwisho kisiachwe, kwa maana bila -ji- ya kujifanya, nusu ya kwanza ya Makmende isingeweza kueleweka hata kidogo.